INTANETI YA NYUMBANI YATOKA MFUKO WA NANI?



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo baadhi yenu watalicheka, nalo ni hotispoti, yaani simu ya baba au ya mama kugeuzwa kisima cha intaneti cha nyumba nzima. Msicheke upesi. Tumekwisha kusema katika gazeti letu hili juu ya saa za kazi, juu ya posho ya nyumba, juu ya viatu vya kazi na makoti ya mvua, na kila mara palikuwa na mtu wa kuuliza, ati hilo nalo ni jambo la chama? Kila mara ikaonekana ndilo jambo hasa, maana fedha za mfanya kazi haziondoki kwa gunia, zaondoka shilingi mbili mbili.

Maoni yetu twayasema mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma mpaka mwisho ayajue. Intaneti tunayoigawa nyumbani kwa simu zetu imekuwa chombo cha kazi ya tajiri, imekuwa chombo cha shule ya mtoto, imekuwa mlango wa kuingilia ofisi za Serikali. Lakini yalipwa na mfuko mmoja tu. Hatukatai kulipa fungu letu. Twakataa kulipa fungu la kila mtu.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, maana wako wazee wetu wa gengi walio na simu hizi lakini watoto ndio waziendeshao. Simu janja ina laini, na laini yapokea mtandao kutoka mnara wa kampuni ya simu. Ukiwasha hotispoti (katika simu zilizowekwa Kiswahili imeandikwa mtandaopepe) simu yako nayo yawa mnara mdogo. Yatoa waifai inayofika vyumba viwili vitatu, na kila aliye na neno la siri aweza kujiunga, kwa simu nyingine, kwa kompyuta, hata kwa televisheni ya kisasa. Simu nyingi zaweza kubeba vyombo vinane au kumi kwa mara moja. Vyote hivyo vyala bando lako wewe mwenye laini.

Wenye kukumbuka landi za zamani wajua bomba la maji la uani. Bomba lilikuwa moja, nyumba zilikuwa nyingi, kila mmoja alikuja na debe lake. Hotispoti ni bomba hilo hilo, ila tofauti ni kwamba bomba la landi halikuandikwa jina la mtu mmoja, wala bili yake haikukatwa katika mfuko wa shati la mtu mmoja.

Sasa sikilizeni mtego wake. Simu au kompyuta ikiona waifai mara nyingi yadhani imefika mahali pa intaneti isiyopimwa. Basi yaanza kufanya mambo yote iliyokuwa ikiyangojea: kupakua programu mpya, kupeleka picha zote katika hifadhi ya mbali, kushusha video za kila grupu. Kompyuta ikianza kujisasisha yaweza kumeza gigabaiti nzima na zaidi, na wewe uliiunga ili mtoto aandike barua moja tu. Ndugu yetu mmoja wa karakana alinunua bando jioni, akamwungia binti yake kompyuta waliyoazima kwa mjomba, na kabla ugali haujaiva bando likawa limekwisha. Alikasirika sana, akasema kampuni ya simu imemwibia. Siku hiyo hakuibiwa na mtu. Kompyuta ilikula ikashiba, wala binti hakujua.

Dawa yake si ngumu. Katika kompyuta, na katika simu nyingi pia, pana mahali pa kuiambia ya kwamba mtandao huu walipiwa kwa kipimo, nayo itaacha sehemu kubwa ya mambo hayo. Video zipunguzwe ubora: kampuni ya Netflix yenyewe imeeleza ya kwamba sinema ya ubora wa kati yala kama gigabaiti 0.7 kwa saa, na ile ya ubora wa juu yaweza kufika gigabaiti 3 kwa saa. Kwa kioo cha simu kilicho na ukubwa wa kiganja, tofauti ya picha ni ndogo, lakini tofauti ya fedha ni mara nne. Neno la siri liwe refu, tena si jina la mtoto wa kwanza ambalo kila mtu kotani analijua. Na hotispoti ikimaliza kazi izimwe, maana simu yachoka, yapata moto, na betri yafa kabla ya siku zake, hasa ikiwekwa kwa chaji huku inagawa mtandao, imefunikwa chini ya mto wa kitanda. Hayo mtu aweza kuyafanya leo jioni bila kungoja mkutano wa chama.

Lakini twende kwenye hesabu, ndiyo iliyotufanya tuandike.

Tuseme mtu ananunua bando la shilingi 50 kila siku, kwa sababu mara nyingi mkononi hana zaidi ya hizo. Kwa siku 30 ni shilingi 1,500. Amri ya mishahara ya mwaka 2024 iliweka mshahara wa chini wa kibarua wa Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Shilingi 1,500 katika hizo ni karibu fungu moja katika kumi na moja. Hapo hajanunua unga, hajalipa nauli, hajapeleka senti kwa mama yake nyumbani.

Tena mtu huyu anunuaye kidogo kidogo ndiye mara nyingi alipaye bei kubwa kwa kila megabaiti. Ni ile habari ya kadogo ya dukani: sukari ya kijiko na mafuta ya kupimiwa huuzwa kwa bei ambayo tajiri mwenye kununua kilo kumi hajapata kuisikia. Bando la saa 24 likifika mwisho wake, kilichobaki kimekwenda, ingawa ulikilipia. Tangu mwaka 2019 yamekuwako mabando yasiyo na siku ya mwisho, na hilo ni jema, lakini aliye na shilingi 20 na mtoto analia kazi ya shule atanunua lile la saa moja, kwa sababu ndilo lililo sawa na mfuko wake.

Na kodi je? Ushuru juu ya simu na intaneti ulipandishwa mwaka 2021 ukawa 20 kwa 100, kisha mwaka 2023 ukateremshwa ukawa 15 kwa 100. Juu ya ushuru huo yawekwa VAT ya 16 kwa 100. Pigeni hesabu ile tuliyofundishwa darasani. Huduma ya shilingi 75 ikiongezwa ushuru wa 15 kwa 100 yawa shilingi 86 na senti 25. Ikiongezwa VAT yawa shilingi 100 na senti 5. Yaani kwa viwango hivyo vya 2023, ukinunua bando la shilingi 100 robo yake ni ya Serikali. Bwana mwenye gari kubwa alipa robo, na mfagiaji wa stesheni alipa robo ile ile. Hatusemi kodi isiwepo, twajua barabara na dawa vyatoka wapi. Twasema mtu anayelipa robo katika kila shilingi 50 asiambiwe ya kwamba intaneti ni anasa yake.

Maana ni nani aliyeileta haja hii nyumbani mwetu? Zamani sisi hatukuihitaji. Kebo za chini ya bahari zilipofika Mombasa na kuanza kazi mwaka 2009, nyingi ya nyumba zetu hazikuhisi kitu. Ziliendelea kulala saa tatu za usiku kama kawaida. Haja yenyewe iliingia kidogo kidogo, na kwa milango ambayo hatukuifungua sisi.

Mlango mmoja ni shule. Mwezi wa Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Miezi hiyo yote tuliambiwa masomo yako katika simu na redio na televisheni. Mtoto wa mwenye waifai alisoma; mtoto wa kota alingoja baba arudi kazini na simu. Ugonjwa ukapita, lakini mazoea hayakupita. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2019 umekuja na kazi za kutafuta picha na habari, na walimu wazituma kwa grupu ya wazazi saa mbili usiku, ziwe tayari asubuhi. Hatuwalaumu walimu, wengi wao nao wanatuma kwa bando lao wenyewe, na wana chama chao cha kuwasemea.

Mlango wa pili ni Serikali. Ripoti ya kodi ya mapato ni kwa iTax kabla ya tarehe 30 Juni. Bima mpya ya afya iliyoanza Oktoba 2024 ni kujiandikisha kwa simu ama kompyuta. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, leseni ya kuendesha gari, vyote ni eCitizen. Asiye na bando aende kwa vijana wa saiba, alipe, na ampe mtu asiyemjua namba yake ya siri ya kodi.

Mlango wa tatu ni tajiri, na kwa mlango huu tutakaa kidogo.

Zamani ratiba ya zamu ilibandikwa katika ubao wa matangazo. Aliyetaka kujua zamu yake alikwenda ubaoni, akasoma kwa macho yake, hakulipa kitu. Siku hizi katika kazi nyingi ubao umekuwa grupu ya WhatsApp. Zamu hubadilishwa saa nne usiku. Msimamizi ataka picha ya kazi iliyofanywa, si picha moja, picha tano, na video fupi juu yake. Hati ya mshahara yatumwa kwa barua pepe. Maombi ya livu yajazwa katika fomu ya mtandao. Tumezungumza na ndugu wa bandarini, wa viwandani, wa hospitalini, na khabari yao ni ile ile. Na mtu asipoiona zamu mpya kwa sababu bando lilikwisha saa sita za usiku, asubuhi aulizwa mbele ya wenzake: kwani wewe huna simu?

Simu anayo. Aliinunua yeye. Laini ni yake, chaji ni ya umeme wake, bando ni lake. Kwa chombo hicho kazi ya mwingine yaendeshwa.

Sisi watu wa reli tuna haki ya kushangaa kuliko wengine. Gari la moshi haliendi bila khabari. Tangu siku reli ilipotoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, waya wa telegrafu ulikwenda pamoja na njia. Hatujapata kusikia stesheni masta aliyeambiwa anunue waya kwa mshahara wake, wala mtu wa pointi aliyekwenda dukani kununua bendera nyekundu na taa ya mkono. Filimbi alipewa. Kofia alipewa. Hata chaki ya kuandikia mabehewa ilikuwa ya stoo. Khabari za kazi zilipita katika waya wa kazi. Leo khabari hizo hizo zapita katika bando la mfanya kazi, na kwa kuwa waya huu hauonekani kwa macho, watu wamedhani haugharimu kitu.

Tajiri atajibu, tumekwisha kuyasikia majibu hayo, ya kwamba simu ni yako, uliinunua kwa kupenda kwako, na ungekuwa nayo hata bila kazi. Sawa. Miguu nayo ni yetu, tungekuwa nayo hata bila kazi, na bado twapewa viatu vya kazi.

Jambo hili halikuzuliwa na sisi. Katika jimbo la California, huko Marekani, mwaka 2014 mahakama ya rufani ilisikiliza kesi ya mfanya kazi wa kampuni iliyokuwa ikipeleka chakula majumbani mwa watu. Wafanya kazi walikuwa wakitumia simu zao wenyewe kwa kazi. Mahakama ikasema ya kwamba ikiwa mfanya kazi analazimika kupiga simu za kazi kwa simu yake, tajiri lazima amrudishie fungu la haki la bili hiyo, hata kama mfanya kazi hakuongezewa senti kwa simu hizo, hata kama bili ililipwa na mtu mwingine wa nyumbani kwake. Hiyo ni sheria ya huko, haitushiki sisi hapa. Twaitaja ili mtu asiseme ya kwamba wazo hili ni la watu wa kota wasiojua dunia.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 31 chamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au alipe fedha za kutosha kupanga nyumba. Kifungu cha 32 chataja maji mahali pa kazi. Watunga sheria wa wakati ule hawakutaja intaneti, na hatuwezi kuwalaumu, maana mwaka huo M-Pesa yenyewe ndiyo ilikuwa yaanza. Lakini Katiba ya 2010, katika ibara ya 41, yatupa haki ya kukaa mezani na mwajiri kupatana, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mapatano hayo yawafunga pande zote mbili, na masharti yake yaingia katika mkataba wa kila mfanya kazi anayehusika. Yaani kisichokuwa katika sheria chaweza kuwa katika mapatano. Posho nyingi tunazokula leo ziliingia kwa njia hiyo hiyo.

Hata hivyo, wako wanachama wenzetu wanaopinga, na mmoja wao alisema neno ambalo limetufanya tufikiri sana. Alisema: mkiomba posho ya intaneti, tajiri atawapa shilingi 500, halafu atasema sasa simu yako ni yangu, isizimwe, hata Jumapili, hata ukiwa matangani. Posho itakuwa kamba ya kumfungia ng'ombe.

Huyu ana haki ya kuogopa. Twawajua watu ambao wamelala saa tatu baada ya zamu ya usiku, simu ikalia, wakaamka, wakajibu, na usingizi haukurudi. Na dreva au fundi asiyelala ni hatari kwake na kwa watu. Kwa hiyo posho peke yake isikubaliwe. Pamoja nayo yaandikwe masaa. Mtu aliye nje ya zamu asilazimishwe kujibu grupu, na tangazo la zamu lisihesabiwe kuwa limemfikia mtu mpaka libandikwe ubaoni pia, au apigiwe simu ya sauti. Sheria yetu yatoa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Siku hiyo si ya kupumzika ikiwa mfukoni mna msimamizi. Wafaransa tangu Januari 2017 wana sheria inayozitaka kampuni zenye watu 50 na zaidi zizungumze na wafanya kazi juu ya haki ya kuzima simu baada ya kazi. Wao waliona haja ya kuiandika. Nasi tuiandike.

Wengine wasema vijana wetu wapoteza bando kwa mipira na michezo, basi tuanze kuwafunga mikono wao kabla ya kumwendea tajiri. Ni kweli wapoteza. Nasi twapenda mpira. Lakini mtu akila muwa wakati wa chakula cha mchana hiyo si sababu ya kumnyima mshahara wa asubuhi.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hotispoti ina kasoro moja ambayo wenzetu wa ofisini hawaioni. Hotispoti hutembea na mwenye simu. Karani arudi nyumbani saa kumi na moja kila siku na intaneti yake yarudi naye. Lakini dreva akipewa gari la usiku, au mtu wa gengi akipelekwa wiki nzima upande wa Mtito Andei, bomba la nyumba limeng'olewa likaenda naye. Watoto wabaki gizani. Basi mama anunua bando la pili kwa simu yake, na huku baba anunua lake huko aliko ili aone zamu, nyumba moja mabando mawili. Na baba akirudi asubuhi akitaka kulala, watoto wamsimamia mlangoni: baba, tuwashie. Twajua nyumba ambako simu yatolewa chini ya mto taratibu, kama mtu achukuaye yai chini ya kuku.

Kwa nyumba za namna hiyo shauri letu ni kutoitegemea simu ya mwenye zamu. Ikiwa pana simu ya zamani iliyopasuka kioo lakini yafanya kazi, iwekewe laini yake na bando la mwezi, ikae nyumbani juu ya kabati, iwe ndiyo hotispoti ya nyumba. Ama pana vile vifaa vidogo vya waifai vinavyotiwa laini, kazi yao ni hiyo tu. Bando kubwa la mwezi mara nyingi lina bei nafuu kwa kila gigabaiti kuliko mabando 30 ya siku moja, ila tatizo ni kuzipata hizo fedha mkononi kwa mara moja. Hapa chama cha akiba na mikopo, au hata kile kikundi cha akina mama cha kota, chaweza kusaidia kuliko hotuba yetu hii.

Na palipo na kota nyingi mahali pamoja, kwa nini kila nyumba ihangaike peke yake? Waya wa faiba waja kwa bei ya mwezi isiyobadilika, uwe umetazama sana au kidogo. Mwajiri mwenye kutoa nyumba aliona ni wajibu kutoa maji na umeme katika nyumba hizo. Hatuoni kwa nini waya huu usihesabiwe pamoja na hayo katika mazungumzo yajayo. Vyumba vya kulala madreva na walinzi wa magari viwe vya kwanza, maana mtu aliye mbali na watoto wake ndiye mwenye haja ya kuwaona usoni jioni. Watu wa kota wakitaka kuchanga wenyewe waulize kwanza kwa maandishi kama kampuni inayouza waya huo yakubali nyumba nyingi kwa waya mmoja, wasije wakakatiwa. Na asitokee mtu wa kuuza hotispoti kwa majirani kwa saa. Kuuza mtandao ni biashara yenye leseni yake, na laini yako imeandikwa kwa kitambulisho chako. Mtu akifanya uhalifu kwa mtandao wako, mlango wa kwanza kugongwa ni wako.

Kuwapa watoto wa jirani bure ni habari nyingine. Sisi twasema wapewe, kwa saa iliyopangwa, kwa kazi ya shule, wakae sebuleni mnapowaona. Wengine wetu wabishana sana juu ya hili, maana bando ni ghali na shukrani ni chache. Lakini mtoto asiyemaliza kazi ya shule hapigwi bakora baba yake.

Mazungumzo ya mapatano mapya yakifika, tajiri atauliza: mwanitaka nilipe kiasi gani, na mmekipata wapi? Tukisema tu ya kwamba intaneti ni ghali, atatucheka. Kwa hiyo twawaomba kila mwanachama achukue daftari la shule, na tangu tarehe 1 ya mwezi ujao mpaka mwisho wake aandike kila bando alilonunua: tarehe, shilingi ngapi, na lilitumika kwa nini. Kazi, shule, Serikali, au mchezo. Mchezo nao uandikwe, msione haya, maana hesabu isiyo na mchezo ndani yake hakuna atakayeiamini. Zamu iliyobadilishwa kwa grupu iandikwe na saa yake. Picha za kazi mlizotuma zihesabiwe.

Wajumbe wa idara watazikusanya daftari hizo wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata, na zitasomwa katika mkutano wa tawi. Zipelekwe kwa mkono. Msizipige picha na kumtumia mjumbe kwa WhatsApp, maana bando hilo nalo tutalilipa sisi.